Safari ya Boti Kutoka Nkome

Belo jipya likikatwa kamba katika soko la mitumba la Nyasubi, mjini Kahama, heshima huwekwa kando kwanza. Mke wa mchungaji na binti wa baa husukumana bega kwa bega, na anayechelewa huambulia soksi. Jumamosi hiyo Vaileth alikuwa amewahi. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko, na kilichompa jina ni kununua magauni makubwa ya mitumba akayakata upya mpaka mtu akaapa yametoka dukani. Mkono wake ulikuwa umeshakamata gauni la kijani, laini kama maziwa mgando, alipohisi linavutwa upande wa pili.

Aliyelivuta alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati jeupe limenyooshwa hadi mikunjo ya mikono inasimama. Viatu vyake tu ndivyo vilivyomsaliti: vilikuwa na vumbi la kijivu ambalo alionekana kulifuta akashindwa.

"Kaka, hilo ni la kike," Vaileth alisema.

"Najua. Nampelekea mama yangu, Ushirombo."

"Mama yako anavaa mgongo wazi?"

Yule bwana akaligeuza, akaona mgongo hauna kitambaa. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akaliachia. "Basi lako, dada. Ila nitafutie cha kumfunika mama mgongo."

Ndivyo walivyoanza. Aliitwa Ansgar. Tangu ujanani alikuwa akifanya kazi kwenye karasha za wachimbaji wadogo kule upande wa Segese, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu yakawa unga. Wiki ya kwanza alileta vipimo vya mama yake. Wiki ya pili alikuja kuchukua nguo. Wiki ya tatu hakuwa na sababu yoyote, akaja tu na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka Vaileth akamwuliza kama anasubiri kushonwa yeye.

Jioni karasha zikizimwa alipiga simu. Vaileth aliibana kati ya sikio na bega huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Ansgar alimwita Vai. Yeye alimwita andazi, kwa kuwa kila alipotoka kazini alionekana kama kitu kilichofingirishwa kwenye unga. Vaileth alimsimulia alivyokulia kijijini karibu na Mwadui, binti wa mfugaji, mahali ambapo maji yalikuwa ya ng'ombe kwanza na watu baadaye. Ziwa alikuwa ameliona kupitia dirisha la basi tu. Ansgar akaahidi kumpeleka visiwani.

"Tukishaoana?" Vaileth aliuliza.

"Kabla. Usije ukasema nilikuoa hujaona maji."

Mshenga naye aliahidiwa. Angekwenda kwa Mzee Nkwabi, baba yake Vaileth, mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha, Ansgar akaomba wasubiri kidogo. Pamba ikauzwa, akaomba tena. Simu zikawa fupi, halafu zikawa za kutafutwa. Siku nyingine namba haikupatikana kutwa nzima. Kisha Eunice, msusi wa kibanda cha jirani, alirudi kutoka Mwanza alikokwenda kununua nywele, na kabla hajatua mzigo akasema alichokiona stendi ya Nyegezi: Ansgar, na mwanamke mnene wa kitenge amemshika kiunoni, mfuko wa Ansgar begani kwake kama mke.

Vaileth alipiga simu hapohapo. Ansgar akasema yuko Segese, kazini. Lakini nyuma ya sauti yake kondakta alikuwa akinadi abiria wa Bukoba.

"Segese siku hizi kuna mabasi ya Bukoba?"

Kondakta akanadi tena.

"Niache, Vai."

"Nikuache leo, au nikuache kabisa?"

Alichelewa kujibu, na katika kule kuchelewa Vaileth alitumaini bado. "Kabisa," Ansgar alisema, simu ikakatika.

Vaileth hakuugua, wala hakufunga kibanda. Alishona. Msimu ule mabibi harusi walikuwa wengi, na kila shela aliyoitia shanga aliitia kwa meno yaliyoumana. Wateja walimsifu kwamba kazi yake imezidi kuwa safi. Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yeye aliyaficha, akaona anaweza, akadhani yamekwisha.

Kiangazi kilikuwa kimeshika Ansgar alipopiga. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea akipanda mlima. Alisema hakupiga kuomba warudiane. Kule Nkome, mkoani Geita, kulikuwa na nahodha aitwaye Luka ambaye huchukua watu kwa boti ya injini, akawazungusha visiwani, wakaogelea kwa miwani ya maji kutazama samaki, jioni wakala ufukweni. Alikuwa ameshalipia watu wawili.

"Nilikuahidi visiwa. Njoo uvione, sitakusumbua tena."

Vaileth akamwambia ampeleke yule wa Nyegezi, akakata. Lakini maneno yalimkaa kifuani wiki nzima. Mwisho akajiambia atakwenda kwa sababu moja tu: kuna mambo ambayo mtu anapaswa kuambiwa usoni. Akavaa lile gauni la kijani, ambalo alikuwa amelikata likamkaa kama ngozi, ili Ansgar ajue alichokiacha.

Mwaloni Nkome, boti zinapoegeshwa, kulinuka dagaa na petroli. Ansgar alikuwa amesimama kando ya boti, shati jeupe lilelile, lakini sasa lilining'inia kama limetundikwa msumarini. Vaileth alimtazama akawaza: huyo mwanamke hampikii. Walisalimiana kama watu waliokutana benki. Ndani ya boti walikaa na maharusi wawili kutoka Geita mjini, wale wakilishana karanga, hawa wakitazama maji kila mmoja upande wake.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa mwamba mtupu uliojaa mnandi, ndege weusi wenye shingo ndefu, na jiwe lote lilikuwa jeupe kwa mavi yao. Cha pili kilikuwa kambi ya wavuvi, dagaa wameanikwa mchangani mpaka ufukwe unang'aa kama bati jipya. Vaileth hakutaka kufurahi. Lakini upepo ulimpiga, matone yakamrukia usoni, na bila kujua akashika mkono wa Ansgar boti iliporuka wimbi. Akauachia haraka. Mkono ule ulikuwa mwepesi mno.

Kisiwa cha tatu kilikuwa na mchanga na mawe makubwa yaliyoingia majini, na maji kati ya mawe yalikuwa maangavu mpaka chini. Luka akagawa miwani ya maji na mirija ya kupumulia. Maharusi wakauliza habari za mamba. Akawaambia mamba wanapenda matete, hapa kuna mawe tu. Wakauliza habari za kichocho. Akasema konokono wake hawapendi mahali penye mawimbi. Ansgar alisema ataanza yeye, ili Vaileth asiogope.

Aliingia mpaka kiunoni, akauma mrija, akainamisha uso. Haukupita muda akainuka, akauchomoa mrija, akafungua mdomo, na hewa haikuingia. Midomo yake ikabadilika rangi. Luka alimbeba kama mtoto akamlaza mchangani, na hapo kikaja kikohozi ambacho Vaileth hakuwahi kukisikia kwa mtu, kirefu, kikavu, cha kukunja mwili mzima. Alimshika mgongo. Chini ya kiganja chake mbavu zilihesabika, na ndani ya kifua kulikwaruza kama kokoto zinaburutwa juu ya bati.

Kikohozi kilipotulia, Luka aliwaongoza maharusi upande wa pili wa mawe, akawaacha.

"Yule wa Nyegezi ni nani?" Vaileth aliuliza.

"Coletha. Dada yangu. Alikuwa ananirudisha kutoka hospitali."

Kisha akamweleza yote, akipumzika kati ya sentensi. Vumbi la mawe alilolivuta miaka yote kwenye karasha lilikuwa limekaa mapafuni likaganda. Daktari alisema si kifua kikuu, kwamba kifua kikuu kingekuwa afadhali, kina dawa. Hili halitoki. Linazidi tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungebaki."

"Ningebaki, ndiyo."

"Ndiyo sababu."

Vaileth akasimama. Akatembea mpaka mwisho wa ufukwe, akakaa juu ya jiwe akimpa mgongo. Wakati wote aliokuwa akitia shanga kwenye shela za watu kwa uchungu, mtu huyu alikuwa akikohoa peke yake Segese, akimwogopa yeye kuliko alivyouogopa ugonjwa. Hasira ilimchoma. Alimkasirikia kwa kumdanganya, na zaidi kwa kumchagulia maisha kana kwamba yeye hana akili ya kuchagua. Aliporudi, Ansgar alikuwa ameegemea boti, miwani ya maji mkononi, akimnyooshea.

"Nenda ukaone," alisema. "Angalau mmoja wetu aone."

Luka alirudi akamshika mkono, akamwonyesha kupumua. Vaileth akazamisha uso. Chini kulikuwa na mji. Furu, samaki wadogo wa mawe, wengine bluu, wengine rangi ya chungwa lililoiva, waliingia na kutoka kwenye nyufa za mawe kama watu kwenye milango ya vibanda vya soko. Mmoja aliwafukuza wengine wote kutoka kwenye jiwe lake, mdogo kuliko kidole. Mwanga ulishuka kwa vipande. Vaileth alisikia pumzi yake mwenyewe ikipita kwenye mrija, ikienda, ikirudi, rahisi, bure, akaanza kulia. Miwani ikajaa machozi mpaka samaki hawakuonekana tena.

Jua liliposhuka Luka alitandika mikeka mchangani, akaweka sato wa kuchoma, ugali wa muhogo na ndimu. Maharusi walikaa mbali, wakicheka. Vaileth alimsimulia Ansgar samaki mmoja mmoja, huku akimchambulia miba. Kisha akanawa mikono.

"Mtume mshenga kwa baba."

"Hapana, Vai."

"Basi nitamtuma mimi kwenu. Mama yako ananifahamu, nilimfunika mgongo."

Ansgar alicheka kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. "Sina muda mrefu."

"Sijakuuliza una muda gani. Nimekuuliza kama utanioa."

Ansgar aliuweka uso wake kwenye bega la Vaileth, pale simu ilipokuwa ikikaa jioni, na Vaileth akahisi kitambaa cha gauni kinalowa.

Mzee Nkwabi alikataa. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia binti yake kwamba alimuuguza mkewe, mama yake Vaileth, miaka mingi, mpaka akasahau sauti yake ilivyokuwa alipokuwa mzima, na kwamba hakuna baba mwenye akili anayemkabidhi mwanawe mzigo anaoujua uzito wake.

"Ulitamani usingemwoa mama?" Vaileth aliuliza.

"Nenda na njia yako, ng'wanone, mwanangu," Mzee alisema. "Mimi sitakuja kuiona."

Walifunga ndoa parokiani Ushirombo, Coletha akiwa msimamizi, na kiti cha Mzee Nkwabi kikabaki kitupu. Wakapanga nyumba ya vyumba viwili Nkome, juu kidogo ya mwalo, kwa kuwa upepo wa ziwa ulimpa Ansgar nafuu. Vaileth alihamisha cherehani. Ansgar, ambaye hakuweza tena kuinua hata ndoo, alijifunza kushona vifungo, akavishona vizuri, na akapenda kuwaambia wateja kwamba fundi mkuu ni yeye, huyu mama ni kibarua wake. Waligombana kuhusu redio na chumvi. Walicheka mpaka Vaileth akalazimika kumnyamazisha, asije akaanza kukohoa. Watu waliowaonea huruma walipita mlangoni, wakasikia utani, wakashangaa.

Mvua zilipoanza Ansgar hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mgongo wake kwenye kifua cha mkewe, na Vaileth alijifunza kulala hivyo. Asubuhi moja alikwenda jikoni kumkorogea uji. Aliporudi Ansgar alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimeinama upande wa dirisha, na chumba kilikuwa kimya. Kwa muda wote waliokaa pamoja chumba kile hakikuwahi kuwa kimya. Aliweka bakuli chini, akakaa, akamwegemeza kifuani kama kawaida, mpaka majirani walipokuja.

Walimzika kwao Ushirombo. Wanaume walikuwa wakichimba kaburi alipotokea mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya pama, vumbi la safari mabegani. Hakuuliza kitu. Aliweka fimbo chini, akapokea jembe kwa mchimbaji mmoja, akashuka shimoni, akachimba. Vijana wakamsihi apumzike, hakuwasikia. Coletha ndiye aliyekwenda kumnong'oneza Vaileth kwamba kuna Msukuma kaburini na hawamjui.

Baada ya maziko Mzee Nkwabi alikuja kwenye mkeka waliokalia wanawake. Wakampisha wakidhani anapita tu kutoa pole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone."

Tangu asubuhi ile ya uji Vaileth hakuwa ametoa chozi. Watu walikuwa wameanza kusema. Baba yake alivua viatu, akakaa chini katikati ya wanawake, jambo ambalo mwanamume wa umri wake hafanyi msibani, akaikunja miguu yake mirefu kwa shida.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza. "Sikumfahamu. Nieleze."

Vaileth akafungua mdomo. Mzee akamshika mkono, akasubiri, kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda siku hiyo wala kesho yake.

"Alikuwa anapenda matobolwa," Vaileth alisema mwishowe, na machozi yakaja yote. "Viazi vya kukausha, baba. Kama Msukuma."

"Na karanga?"

"Na karanga."

"Endelea," baba yake akasema.