Waje Jioni

Lifti ilikwama kati ya ghorofa mbili, imejaa watu na mafurushi ya vitambaa. Fundi wa lifti alipofungua milango, wa kwanza kutoka alikuwa mshonaji, gauni la njano limekunjamana, jasho puani. Mshonaji alimwuliza fundi kama kazi hiyo alijifunza au aliiota. Fundi akacheka, akaomba namba ya simu, akapewa.

Wakapendana mchana tu. Ikifika jioni, mshonaji huzima simu. Fundi akavumilia, akanuna, hatimaye wivu ukampanda kichwani, akaenda nyumbani kwao kumfumania.

Alimkuta chini ya blanketi anatetemeka, vidole vimevimba, kifua kimetapakaa madoa ya waridi. Mama yake akaeleza kwamba homa humpanda kila jioni, na asubuhi haionekani, wala madoa hayo. Malaria hana. Daktari anayemwona asubuhi amesema ni mawazo.

"Mimi nilidhani una mwanaume," fundi akasema kwa aibu.

"Na homa hii, huyo mwanaume ningemfanyia nini?"

"Ungeniambia, mpenzi."

"Nikwambie naumwa ugonjwa ambao mchana haupo? Ungeniona mwongo, kama anavyoniona daktari."

Asubuhi wakaenda hospitali pamoja. Daktari akatazama ngozi safi, akamwambia akapumzike. Mshonaji akatoka hadi kwenye benchi la nje, akavua viatu.

"Siondoki. Ugonjwa wangu huja jioni, na daktari atausubiri kama ninavyousubiri mimi."

Mlinzi akaja kumwondoa. Fundi akaketi naye, akamwambia mlinzi basi awabebe wote wawili.

Jua lilipoinama, homa ikapanda na madoa yakachomoza mikononi. Daktari aliitwa akiwa ameshashika funguo za gari. Akaangalia, kisha akaomba radhi na kumpeleka kwa daktari bingwa wa viungo. Vipimo vikaondoa shaka moja baada ya nyingine, na feritini, protini inayotunza madini ya chuma, katika damu ikaonekana imepanda kupita kiasi. Ni ugonjwa wa Still, bingwa akasema, ugonjwa adimu: kinga ya mwili inawaka bila adui. Hauambukizi, dawa ipo, ila huenda ukarudi.

Walipotoka kwa bingwa, hapohapo kwenye korido fundi akamwomba wafunge ndoa.

"Usinioe kwa huruma."

"Huruma? Umemkalisha daktari mpaka jioni. Wa kuhurumiwa ni mimi."

Mshonaji akacheka mpaka viungo vikamuuma, kisha akamkazia macho.

"Basi walete wazazi wako kabla sijaanza dawa. Na waje jioni. Wanione nilivyo, wasije wakasema nilificha."