Simu Yangu Ilionekana kwa Humoud

"Toka! Toka kwangu!"

Begi langu likarushwa koridoni, nguo zikamwagika mbele ya majirani... hadi sidiria!

Heriel, mume wangu wa ndoa ya kanisani, alikuwa ameziba mlango.

"Simu yako ilifuata nini kwa Humoud?"

"Humoud yupi?"

"Usinifanye mjinga, Jovitha! Nimeiona kwa macho yangu!"

Nyuma yake alisimama mama yake, Mama Theopista, tuliyekuwa tunaishi naye. Nikamwangalia. Nikasubiri aseme neno moja tu...

Akainamisha kichwa.

Jamani, sogeeni niwaeleze, maana mtaani wanasema yao.

Heriel ni fundi wa intaneti. Anapanda juu ya maghorofa ya Kariakoo na Mchafukoge, anafunga zile antena za nje, anazielekeza kwenye mnara, kisha anafanya setingi kwa simu yake. Kazi anaijua. Ila ana uvivu mmoja: kila anapofunga anaweka jina lilelile la waifai na paswedi ileile, hata nyumbani kwetu.

"Nikirudi kurekebisha sihangaiki," anasemaga.

Siku hiyo aliitwa Mchafukoge na Humoud, muuza manukato anayeishi peke yake. Mtandao ulikuwa unakatakata. Heriel akapanda paani, akafungua setingi, akaangalia simu zilizojiunga pale. Akakuta jina langu!

Na mimi nilikuwa nimemwambia niko dukani...

Ni kweli, nilimdanganya. Nilikuwa kwenye jengo hilohilo. Lakini ghorofa moja chini ya Humoud, kwenye kliniki, nimemshika mkono mama mzazi wa Heriel.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliniapisha.

"Mwanangu, Heriel ni mtoto wa kiume. Nitamwambiaje habari za titi? Nakuomba, abaki hajui."

Nikaapa. Nikawa nampeleka kimyakimya. Daktari akasema anaandaa rufaa ya hospitali kubwa, turudi kuichukua.

Hatukurudi. Nilikuwa nimeshatupwa nje.

Nikahamia kwa dada yangu Celina, karibu na Mchikichini. Yeye alikuwa ananifokea kila siku.

"Sema ukweli wewe! Hicho kiapo kitakulisha?"

"Nimeapa, dada."

"Basi kaa nacho!"

Nilimpigia mama mkwe.

"Mama, twende tukachukue rufaa. Nitakusubiri kulekule."

"Niache kwanza, mwanangu... Naona aibu hata kukutazama."

Baada ya hapo akawa hapokei simu zangu. Nililia, wallahi nililia!

Mpaka alipoanguka jikoni. Heriel akambeba, akataka kumkimbiza hospitali. Mama akakataa.

"Nipeleke Mchafukoge. Pale wananijua."

Yaliyofuata nilisimuliwa na nesi wa pale, mengine Heriel mwenyewe aliniambia baadaye.

Heriel alikaa kwenye benchi na simu mkononi. Ghafla simu ikajiunga yenyewe na waifai! Hajabonyeza kitu, na hakuwahi kukanyaga kliniki ile. Ilinasa waifai ya Humoud kutoka ghorofa ya juu, ikakuta jina na paswedi za nyumbani kwao, ikaingia.

Fundi mzima akaikodolea macho simu yake: kumbe na yangu ilijiunga hivyohivyo!

Nesi akatokea.

"Shikamoo mama! Mbona mlipotea? Yule mkwe wako anayekuleta yuko wapi? Rufaa yenu ipo hapa siku zote!"

"Mkwe gani?" Heriel akauliza.

Mama akaanza kulia.

Uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Madaktari walijitahidi, lakini wapi...

Tulimzika Machame. Nilikwenda, nikapika, nikahudumia wageni, nikalia hadi sauti ikakauka. Heriel akanifuata nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye matope.

"Nilimfukuza mtu aliyekuwa anampeleka mama kutibiwa. Jovitha, nimemuua mama yangu!"

"Hujamuua. Inuka, watu wanaona."

"Rudi nyumbani basi."

"Siwezi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi gani, Heriel?"

Akainuka, akajifuta matope magotini. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Siku hizi nasikia kila antena anaiwekea jina tofauti na paswedi tofauti. Hongera zake.

Wenye wivu, muulizeni mtu kwanza, halafu mkae kimya mumsikilize. Simu inaonyesha imejiunga wapi tu, haisemi mwenye simu alikuwa anafanya nini.

Lakini somo langu kubwa ni lingine. Nilimpenda yule mama, na nina hasira naye hadi leo, na marehemu huwezi kumfokea. Mkiapishwa kuficha ugonjwa wa mtu, kataeni! Mimi niliificha siri vizuri kabisa, na sasa sina mama mkwe, sina mume, na siri yenyewe kila mtu anaijua.