Pumzi Ndani ya Lifti

Chiriku alipotoka shule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye jengo ambalo shangazi yake alifundisha yoga, katika ukumbi wa ghorofa ya juu kabisa. Jina la Chiriku, ndege asiyeacha kulia, alipewa na babu yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kuchukua mikeka ya mazoezi kutoka stoo ya chini, kuipandisha kwa lifti na kuitandika ukumbini kabla wanafunzi hawajafika. Wanafunzi wenyewe walikuwa watu wazima: wauguzi, madereva, na mwenye duka mmoja mnene aliyekoroma kila walipoambiwa wafumbe macho.

Alisaidiana na Jemedari, mtoto wa shangazi, aliyemzidi umri kidogo. Jemedari hakuogopa mtu wala mnyama. Ndivyo alivyosema mwenyewe.

"Mama anafundisha watu kupumua," alisema siku hiyo huku akijitwika bunda la mikeka. "Kwani wakiwa makwao hawapumui?"

Chiriku alicheka mpaka akaangusha mkeka. Hata hivyo, yeye alikuwa na desturi ya kukaa nyuma ya ukumbi na kufuata mazoezi. Alipenda shangazi aliposema, "Akili ikikimbia, usiipigie kelele. Irudishe polepole kwenye pumzi. Sikia nyayo zako sakafuni, kisha jiulize: hapa, sasa hivi, kuna nini?"

Waliingia kwenye lifti. Ilikuwa kuukuu, na ilipanda ikiguna kama mtu aliyeamshwa usingizini. Walipokaribia ghorofa ya tano ikatikisika, ikakwama. Taa ikazimika.

Giza lilikuwa zito. Chiriku aliinua mkono mbele ya macho yake asiuone. Hapo juu kitu cha chuma kililia, krrr, kisha kukawa kimya.

"Jemedari?"

"Umeme umekatika," Jemedari alijibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Mara akaanza kuupiga mlango kwa ngumi. "Fungueni! Jamani, tunakufa huku! Hewa itaisha!"

Moyo wa Chiriku ulidunda hadi masikioni. Alitaka naye apige kelele, lakini kelele haikutoka. Aliona wazi kamba ya lifti ikikatika, nao wakiporomoka hadi chini.

Hapa, sasa hivi, kuna nini?

Alizikandamiza nyayo zake sakafuni. Sakafu ilikuwepo. Alivuta pumzi, ikakwama katikati. Akaitoa, akavuta tena. Ya tatu ilishuka hadi tumboni. Ndipo alipohisi kitu ambacho hofu ilikuwa imemficha: upepo mwembamba ulimpapasa shingoni ukitokea kwenye matundu ya juu.

"Hewa ipo," alisema. "Inaingia huku juu, inua mkono uisikie."

Jemedari hakumsikiliza. Alikuwa ameingiza vidole kwenye ufa wa mlango na kuvuta kwa nguvu zake zote. Mlango ulifunguka kidogo, na mwanga hafifu ukaingia. Sakafu ya ghorofa ya tano ilikuwa usawa wa kifua chao, na juu yake palikuwa na uwazi wa kumtosha mtoto kujipenyeza. Jemedari alitandika mkeka mmoja, nusu nje nusu ndani, ili ukingo usimkwaruze, akashika ukingo na kuanza kujivuta.

"Usitoke! Lifti ikisogea je?"

"Niache! Wewe ukitaka kufa, kufa peke yako!"

Chiriku alilikamata shati lake kwa mikono miwili. Sauti aliyoitoa ilikuwa ya chini. "Mimi pia naogopa. Kaa nami kidogo tu. Vuta pumzi, toa. Moja tu, halafu utatoka."

Jemedari alisita. Akavuta pumzi kwa kwikwi, akajiachia, akashuka kando yake.

Wakati huo huo taa iliwaka. Lifti ilishtuka na kushuka kwa ghafla, mlango ukiwa bado wazi. Mkeka uliokuwa umetokeza nje ulibanwa kati ya ukingo wa juu wa lifti na sakafu ya ghorofa ya tano, ukapasuka vipande viwili. Lifti ikasimama tena. Watoto walikitazama kipande kilichobaki ndani. Kwa mwanga wa taa Chiriku alikiona kitufe cha kengele ukutani, akakibonyeza.

Fundi wa lifti alipowatoa, alitikisa kichwa. "Kifaa cha kuzuia lifti isiende mlango ukiwa wazi kimeharibika. Kwenye lifti iliyokwama usitoke mwenyewe hata siku moja. Bonyeza kengele, usubiri."

Shangazi aliwakumbatia wote wawili. Wanafunzi wake waliwazunguka, na yule mwenye duka akauliza, "Nani alikuwa akilia vile? Tumesikia mpaka juu!"

Ulimi ulimwasha Chiriku. Hadithi ilikuwa tamu, na Jemedari alikuwa amemcheka mara nyingi. Akaitazama mikono ya binamu yake, bado ilikuwa imeshikilia kipande cha mkeka. Akanyamaza.

"Ni mimi," Jemedari alisema, macho chini. "Nilitaka kutoka. Chiriku ndiye aliyenizuia. Mama, nisamehe, nilikuwa naicheka kazi yako."

"Hata mimi niliogopa, Shangazi," Chiriku akaongeza haraka. "Nilidhani pumzi ingeondoa woga. Haikuuondoa."

Shangazi aliwashika mabega. "Woga si aibu, wanangu. Aibu ni kuukabidhi usukani. Pumzi haifukuzi woga. Inakupa nafasi ya kuona kilichopo kabla hujatenda. Tena walioanzisha yoga zamani hawakuanza na kujinyoosha. Walianza na mwenendo: usimuumize mwenzako, na useme kweli. Wewe, Chiriku, umeuzuia ulimi usimuumize ndugu yako. Na wewe, Jemedari, umesema kweli mbele ya watu. Hilo ni zoezi gumu kuliko yote ninayofundisha ukumbini."

Kisha akaitazama lifti, akaipa mgongo. "Haya, twendeni kwa ngazi," alisema. "Na mimi leo naogopa."