Shimo Linalonuka la Hajji Sowedi

Hajji Sowedi wa Rukoki hupeleka vitunguu sokoni Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kwa pikipiki. Huko mpakani, tangu siku za Ebola, alizoea kunawa kwa maji yenye Jik, dawa ya kuua vijidudu. Akaja kuosha kwa Jik hata viatu, hata mkia wa mbuzi.

Lakini miche ya vitunguu ilikuwa imekufa mara mbili. Maji ya mtaro wao yalipita kwenye taka za mgodi wa zamani, yakabeba shaba inayoua mimea.

"Ikifa mara ya tatu," alisema mkewe Kulusum, "tutauza mbuzi au tutakuuza wewe?"

Natukunda, mtaalamu wa maji, akawachimbisha shimo mtaroni. Wakalijaza nyasi na mavi ya ng'ombe, wakalifunika.

"Ndani kuna vijidudu," alieleza. "Vinakula nyasi inayooza, vinatoa hewa yenye harufu ya yai viza. Hewa hiyo inaikamata shaba, inakuwa tope jeusi, inabaki chini."

"Vijidudu?" Sowedi alishtuka.

"Vijidudu vizuri, Hajji."

Baada ya mwezi, miche mipya ilisimama. Lakini ile harufu! Na wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti wa Sowedi, Nasifah. Alfajiri Sowedi akasema Bismillahi, akamimina chupa nne za Jik shimoni.

Wageni wakala vizuri. Baada ya wiki, miche ikageuka manjano. Natukunda akaitwa, akanusa.

"Mbona shimo halinuki?"

Sowedi akamtazama mbuzi.

"Sema, Baba Nasifah," alisema Kulusum. "Mbuzi hakununua Jik."

Natukunda alicheka mpaka akakalia jerikani. "Hajji, umeua wafanyakazi wako wote!"

"Kwani kijidudu si kijidudu tu?"

"Hapana. Vingine vinaleta ugonjwa. Hivi Mungu amevipa kazi."

Wakatia mavi mapya, nyasi, na tope kidogo kutoka shimo kama hilo la jirani, lenye vijidudu hai. Kulusum akainywesha miche maji ya mvua. Kila alfajiri, baada ya swala, Sowedi alienda kunusa. Siku ya ishirini na moja akarudi mbio.

"Mama Nasifah! Linanuka! Alhamdulillahi, linanuka vibaya sana!"

Natukunda akapima maji. Shaba ilikuwa imepungua sana. "Ni ya shamba tu," alionya. "Si ya kunywa. Na tope jeusi la shimoni msiliguse."

Siku ya harusi vitunguu vilikuwa vimekomaa. Mkwe akaziba pua.

"Hajji, nini kimekufa hapa?"

"Hakuna," alisema Sowedi, akimkabidhi fungu la vitunguu. "Safari hii wafanyakazi wangu wote wako hai."