Jiwe Lisilo na Kwao

Ukuta wa darasa jipya ulianguka saa moja kasoro robo asubuhi, na paa likaufuata. Mlinzi wa shule alikuwa akifungua geti. Alisema baadaye kwamba hakusikia mshindo mkubwa, bali kitu kama gunia la nafaka linalomwagwa sakafuni, kisha vumbi. Alipofika aliona ufagio umelala nje ya mlango, mpini wake mzima kabisa. Zamu ya kufagia siku hiyo ilikuwa ya msichana mmoja wa darasa la sita.

Inspekta alipofika, wanaume walikuwa wanafukua kifusi kwa mikono. Mbele yao alikuwa baba wa mtoto, dereva wa lori, mtu mnene wa mabega, vidole vikimvuja damu. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Saa tatu na nusu walimpata. Baba akavua shati akamfunika. Kisha akaokota kipande cha zege kilichokuwa karibu na kichwa cha mtoto, akakiminya, akakitazama, akakirudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha yai kiotani. Inspekta aliliona hilo. Alilihesabu kuwa ni uchungu, akalipita.

Nje ya uzio watu walikwisha kutoa hukumu.

"Saruji imeuzwa! Fundi ameuza saruji!"

Fundi aliyejenga darasa alitiwa mahabusu kabla ya saa sita mchana, nusu kwa kushukiwa, nusu kwa kumwokoa na mawe ya watu.

Kituoni Inspekta alikuwa na sifa ya kwenda kwa mwendo wake. "Afande, wewe hata chai unaihoji kwanza ndipo uinywe," koplo wake alizoea kumtania. Siku hiyo koplo hakutania. Aliweka kiti, akamwingiza fundi, akafunga mlango.

"Saruji uliiuza wapi?" Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Sikuuza hata kiganja, mama. Mifuko yote iko ndani ya kuta zile."

"Watu wanasema vingine."

"Watu wana midomo. Mimi nina mikono."

"Basi kwa nini ukuta umeanguka?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Kazi ya Mungu."

"Mungu hakujenga darasa lile. Umejenga wewe."

"Basi niandike mimi."

"Asiye na hatia hasemi niandike mimi."

"Aliyechoka husema," fundi alijibu, na tangu hapo hakufungua kinywa tena.

Mkuu wa kituo aliridhika. Alitaka fundi apandishwe mahakamani mwisho wa juma kwa shtaka la kuua. Jioni hiyohiyo koplo akaleta habari kwamba watu wameezua mabati ya nyumba ya fundi na kuuangusha ukuta wa mbele, mkewe na watoto wamekimbilia kwa shangazi yao.

Asubuhi iliyofuata baba wa mtoto alikuja kituoni, akaketi kwenye benchi la nje, chini ya ubao wa matangazo. Hakuuliza kitu. Koplo akampa maji. Akaja na siku iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Askari walipita mbele yake wakipunguza sauti. Hakuna aliyemwandikisha maelezo. Mfiwa hahojiwi, hupewa kiti na kuachwa na kilio chake.

*

Inspekta alirudi shuleni na mwalimu wa sayansi. Mwalimu huyo alikuwa mwanamume mwembamba, chaki bado iko mfukoni, ingawa tangu msiba hakuwa amefundisha.

"Mwalimu, mimi mawe siyajui. Nifundishe kama mtoto wa darasa la sita."

Mwalimu alijikunyata kidogo kwa maneno hayo, lakini akachuchumaa kando ya nguzo iliyovunjika.

"Tazama palipokatika, Inspekta. Saruji ikiwa hafifu, jiwe hung'oka zima na kuacha shimo lake, kama jino linavyoacha shimo kwenye fizi. Hapa kuna shimo?"

Inspekta alipitisha kidole. Hapakuwa na shimo. Ufa ulipita katikati ya kokoto, umezigawa kila moja vipande viwili, nusu huku, nusu kule.

"Jiwe ndilo lililoshindwa kwanza," alisema polepole.

"Naam. Saruji ilishika. Ilishika kitu kisichoshikika."

Basi fundi hakuiba. Inspekta alisimama, akazitazama nguzo zote. Zote zilikatika karibu na usawa wa kifua. Sehemu za chini zilisimama imara kama visiki. Alitoa msumari mfukoni, akaukwaruza kwenye kokoto ya chini, nyeusi, isiyo na chembe inayoonekana kwa macho. Msumari haukuichimba, uliacha mstari wa kijivu, na mstari huo ulikuwa wa chuma chenyewe. Alipokwaruza kokoto ya juu, msumari ulizama. Jiwe lilitoka tabaka tabaka, na vigamba vidogo vinavyometameta vikamganda kidoleni kama magamba ya samaki.

"Huo ni ulanga," mwalimu alisema. "Miamba ina koo tatu. Hilo jeusi ni la ukoo wa moto, basalti, lava iliyopoa upesi hata chembe zake hazikupata nafasi ya kukua. Ukoo wa pili ni mashapo, mchanga na tope vilivyolala chini ya maji vikagandamana. Na hili la juu lilianza kama tope, likabanwa na kuchomwa ndani ya ardhi hadi likajipanga kurasa kurasa. Tunauita mwamba geu. Ukichimbwa karibu na mto, ambako maji yameunyonya miaka na miaka, unakuwa umeoza."

"Jiwe linaoza?"

"Linaoza, Inspekta. Kila kitu kinaoza. Tofauti ni muda tu."

*

Machimbo ya basalti yalikuwa juu ya mlima, mwisho wa barabara iliyopinda kona moja kali kando ya korongo. Mwenye machimbo alimpokea kwa wasiwasi uliovaa mzaha.

"Mama, mawe yangu ni meusi kama roho ya mkwe wangu. Ukipata hapa hata moja linalometameta, nifunge mimi na punda wangu."

Inspekta hakucheka wala hakubisha. Alitembea ukingo mzima wa machimbo na msumari wake, akikwaruza hapa na pale, hadi jua likaegemea upande. Kila mahali palikuwa peusi, pagumu vilevile. Mlima mzima ulikuwa lava ya siku moja.

"Lori la kokoto za shule liliacha kuja lini?" aliuliza.

"Walipofikisha kuta usawa wa madirisha. Nikadhani wamepata machimbo mengine. Dereva hakuaga." Mwenye machimbo alijifuta vumbi usoni, na mzaha ukamtoka pamoja na vumbi. "Simlaumu. Kona ile ilimla utingo wake mwaka jana. Breki zilikataa. Tangu siku ile akifika hapa ameloa jasho hata kiti kinabaki na alama. Vijana wangu walikuwa wakimcheka." Akageuka kuitazama barabara. "Hata mimi nilicheka."

Inspekta aliteremka ile kona mguu haubanduki kwenye breki. Alikwisha jua anakoelekea, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani kuwa mpelelezi mbovu. Hata hivyo, kujua si kuthibitisha. Dereva angeweza kusema alipakiziwa na mtu mwingine, mahali asipopajua. Ilibaki kujua lile jiwe lilitoka wapi, na kwa mkono wa nani.

Alirudi kwa mwalimu.

"Kuna mahali hapa karibu nitaona jiwe kama hili?" Alimwekea mezani kipande cha kokoto ya juu alichokichukua kwenye nguzo.

Mwalimu alifungua kabati, akatoa sinia la mbao lililojaa mawe ya wanafunzi. Kila mwaka alimtaka kila mtoto alete jiwe moja, asimame mbele ya wenzake, aseme limetoka wapi. Sheria yake ilikuwa hiyo moja: jiwe lisilo na kwao halipokelewi. Inspekta aliyapitia moja moja. La kumi na kitu lilikuwa la kijivu, tabaka tabaka, linametameta hata kwa mwanga ule hafifu wa dirishani. Aliliweka kando ya kipande cha ukuta. Yalikuwa mapacha.

"La nani hili?"

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Alikaa kama mzee.

"La kwake."

"Alisema nini aliposimama?"

"Alisema, 'Jiwe langu linaitwa Nyota. Kwao ni kwenye shimo la bondeni, karibu na mto. Baba amelitoa kwenye lori akasema hili lisiende kwenye zege, ni zuri mno.' Wenzake wakamcheka, kwamba jiwe lake lina jina na ya kwao hayana. Mimi nikamsahihisha. Nikamwambia si nyota, ni ulanga." Mwalimu alifunika uso kwa viganja. "Nikampa alama zote, Inspekta. Nilisikia lori. Nilisikia zege. Nilijua ulanga hauwekwi kwenye zege. Yote matatu yakaingia kichwani mwangu, nami nikasikia somo tu."

Inspekta aliliomba lile jiwe, akaliweka mfukoni pamoja na kipande cha ukuta.

*

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, alimwita fundi kwanza.

"Ulijua kokoto zimebadilika."

Fundi alishusha pumzi. "Niliona zinametameta. Nikamuuliza dereva. Akasema ni machimbo yaleyale, upande mpya. Mama, wewe ungemkatalia mtu ambaye mwanawe ndiye atakayekaa chini ya ukuta ule?"

"Na hapa ulinyamaza kwa nini?"

"Nilimwona akimtoa mtoto kwenye kifusi. Nichukue jiwe jingine nimtupie?"

"Wamebomoa nyumba yako."

"Nyumba hujengwa tena," fundi alisema. Sauti yake haikuonyesha kama aliyaamini maneno hayo.

Kisha Inspekta alitoka nje hadi kwenye benchi.

"Kaka, ingia ndani."

Baba wa mtoto alinyanyua macho. "Nilidhani hamtaniita kamwe."

Ndani, Inspekta aliweka mezani vipande vitatu: kokoto nyeusi, kokoto ya kijivu, na jiwe la sinia. Dereva aliyaruka mawili, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye la tatu. Hakulinyanyua. Aliligusa tu kwa ncha ya kidole.

"Tangu kuta zilipofika madirishani hukupanda mlimani tena," Inspekta alisema.

"Sikupanda."

"Ulichimbisha bondeni."

"Ndiyo. Na sikula hata senti, dada. Waliochimba bondeni walichukua bei ileile."

"Najua. Ni kona."

Mabega yake makubwa yaliporomoka. "Nilimwambia mwenye lori breki hazifai. Akanijibu woga hautengenezwi gereji. Nikasema basi wiki moja tu, niende bondeni mpaka atengeneze. Hakutengeneza. Niliona mawe yanang'aa, nikajua si yaleyale. Lakini nilijiambia jiwe ni jiwe. Ningejua, ningemweka mwanangu chini yake?"

"Siku ile uliminya kipande cha zege."

"Kilimeguka mkononi kama mkate mkavu. Hapo ndipo nilipojua aliyemuua."

"Na fundi yuko ndani. Siku zote hizi umekaa pale nje, na fundi yuko ndani."

"Kila asubuhi nilikuja kusema." Sasa alikuwa analia bila sauti, machozi yakianguka mezani kati ya mawe. "Nikikaa pale namkumbuka mama wa mtoto. Tukilala ananishika mkono tuombe. Anamwomba Mungu kwamba huyo aliyemuua mwanawe afe kifo kibaya, kifo cha polepole. Akimaliza, mimi naitikia amina. Kila siku, dada. Naitikia amina."

Koplo, aliyekuwa akiandika pembeni, aliweka kalamu chini.

"Nifunge maisha," dereva alisema. "Andika niliiba, andika nilikuwa mlevi, andika utakalo. Ila yeye asijue ni mimi. Amebakiwa na mimi tu."

Inspekta alitafuta njia. Aliitafuta kwa utaratibu wake wote, kama alivyotafuta kwenye machimbo, na kila alipokwaruza palikuwa pagumu vilevile. Fundi asingeweza kutoka bila ukweli kuandikwa, na ukweli ukishaandikwa ungesomwa mahakamani, mama wa mtoto akiwa amekaa safu ya mbele.

"Bora asikie kwako kuliko kwa karani," alisema mwishowe. "Hilo tu ndilo ninaloweza kukupa."

Mlangoni walikutana na fundi anayeachiwa, mkanda wake bado mkononi. Fundi alisita. "Pole kwa msiba," alimwambia dereva, bila kejeli hata chembe, akaenda zake kutafuta walipo watoto wake.

*

Mama wa mtoto alikuwa uani, anapanga viti vya kuazima ili virudi kwa majirani. Alipoona gari la polisi, na mumewe akishuka pamoja na Inspekta, aliangusha kiti alichokishika akaja mbio, akamshika Inspekta mikono yote miwili.

"Mmempata! Nimeona kwa nyuso zenu. Mmempata, sivyo?"

Inspekta alimtazama dereva. Dereva alifungua mdomo.

"Ngojeni," mama alisema. "Ngojeni kwanza, nisije nikaanguka." Akavuta viti vitatu akavipanga kivulini mwa ukuta. Alimkalisha Inspekta mbele yake, kisha akamvuta mumewe kwa mkono wa shati hadi kiti cha pembeni. "Wewe kaa karibu yangu. Unishike vizuri, maana likitajwa jina lake sijui nitafanya nini."

Dereva alikaa. Mkewe akaupata mkono wake, akaukumbatia kifuani kwa mikono yake yote.

"Haya," alisema. "Ni nani?"