Ukumbi Uliojishangilia

Ngazi alikuwa fundi wa kushona nguo. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya urefu wake, na mumewe hakuchoka kumtania.

"Mke wangu, hebu niteremshie ile sufuria ya juu," alisema kila asubuhi. "Wenzangu walioa mke, wakanunua na ngazi. Mimi nimepata vyote kwa mpigo."

Mchana Ngazi alishona. Jioni alikwenda mazoezini. Alichezea timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, katika ligi ya kanda, daraja la pili. Hakuna mchezaji aliyeishi kwa mpira. Kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Nyumbani waliishi watatu: Ngazi, mumewe ambaye alikuwa fundi wa majokofu, na baba yake Ngazi. Mzee huyo alikuwa seremala tangu ujana wake. Vumbi la mbao lilikuwa limemharibu kifua. Akitoka kitandani kwenda mlangoni, alisimama katikati, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Lakini ulimi wake haukujua uchovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jana mlicheza, au mlikimbizana tu?"

"Tulishinda, baba."

"Basi hao wengine ni wabovu kuliko nyinyi."

Zamani mzee hakukosa mechi hata moja. Kisha ikaja korona. Ligi iliendelea, lakini mashabiki walizuiwa kuingia. Mzee akabaki nyumbani.

Ukumbi wa timu ulikuwa mkubwa, wenye paa la bati, madirisha ya juu na viti vyekundu vya plastiki. Bila watu, kila sauti ilirudi. Mtu akipiga chafya, ukutani alijibiwa na chafya nyingine. Kocha, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kuendesha lori la maji, hakuupenda ukimya ule.

"Utadhani tunacheza makaburini," alisema.

Kocha alikuwa na rekodi katika simu yake. Ilikuwa sauti ya mashabiki katika mechi ya mwaka uliopita, siku ambayo ukumbi ulijaa hadi ngazi za mlangoni. Akaunganisha simu na spika mbili kubwa. Tangu siku hiyo, timu ilicheza mbele ya viti vitupu vilivyopiga makofi.

Mara ya kwanza wachezaji walisisimkwa na mwili. Sauti zile walizifahamu. Kulikuwa na vigelegele vya mama muuza mboga. Kulikuwa na kicheko cha kinyozi wa mtaani, kicheko kirefu kinachopanda mpaka kinakatika. Kinyozi huyo alikuwa amekufa kwa korona miezi michache nyuma. Alikuwa amezikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali. Lakini kila siku ya mechi alicheka ukumbini, palepale, kama kawaida yake.

Tena kulikuwa na sauti ya mzee, baba yake Ngazi. Ilikuwa sauti nzito, ya kabla kifua hakijamshinda.

"Panda, mwanangu! Panda!"

Ngazi aligeuka kutazama safu ya tatu, alikozoea kukaa baba yake. Kiti kilikuwa kitupu.

Rekodi haikujua nani anacheza. Wageni wakifunga, ukumbi ulishangilia. Mchezaji akianguka na kuumia, ukumbi ulipiga vigelegele. Rekodi ilipofika mwisho, ukimya uliingia ghafla, na mpira ukasikika kama mtu anayegonga mlango. Kisha rekodi ilianza upya, na kinyozi akacheka tena.

Siku moja watu wa mtaani walisikia makelele yale. Wakadhani mashabiki wameruhusiwa. Wakasongamana getini wakitaka kuingia. Msimamizi wa ligi alimwonya kocha kwamba mkusanyiko kama huo ukitokea tena, timu itaondolewa. Kocha angeweza kuzima spika. Badala yake alifunga madirisha yote na milango yote, ili sauti isitoke nje.

"Sasa ndiyo tamu!" alisema. "Sikilizeni inavyojaa!"

Kweli ilijaa. Kwa kuwa spika zilikuwa na sauti kubwa, wachezaji nao walilazimika kupiga kelele ili wasikizane. Wachezaji wa akiba walishusha barakoa mpaka kidevuni, wakasogeana, wakasemezana sikioni. Mechi ilipofika katikati, vioo vilikuwa vimeingia ukungu, na maji yakateremka taratibu kwenye vioo. Ilikuwa kana kwamba umati mzima umekaa mle unapumua.

Msimu ukasonga. Ikabaki mechi moja. Wakishinda, wangepanda daraja la kwanza.

Siku mbili kabla ya mechi hiyo, walikutana kwa mazoezi. Mazoezi yao yalianza siku zote kwa dawa ya kuchua. Ilikuwa dawa kali. Kopo likifunguliwa tu, macho yalitokwa na machozi. Mchezaji mwenzake, mfupi na mchangamfu, aliyeitwa Pilipili, alimpa Ngazi kopo. Ngazi akajipaka magotini. Alihisi moto wa dawa. Hakusikia harufu. Akalisogeza kopo puani. Hakusikia kitu.

"Pilipili, hii dawa imechuja?"

"Imechuja wapi? Mimi hapa nalia kama nimefiwa!"

"Mimi siisikii kabisa."

Pilipili aliacha kucheka. Akatazama alipo kocha, akanong'ona, "Ni mafua tu, dada. Usimwambie mtu. Ukikaa nje wewe, nani ataruka chini ya kikapu? Mimi?" Akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono. Haukufika popote.

Ngazi alitaka kucheka. Lakini wakati uleule kocha alikuwa akijaribu spika, nazo zikasema, "Panda, mwanangu! Panda!"

Kwa mara ya kwanza aliwaza jambo hili: kama baba atakufa, sauti hii itaendelea kumwita. Kocha atabonyeza simu, na baba atapiga kelele kutoka kiti kitupu, akimshangilia yeyote aliye na mpira.

Akaweka kopo chini. Akavaa barakoa vizuri, pua na mdomo. Akamwambia kocha kwa mbali, "Siko sawa. Naenda kuangaliwa." Akatoka.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alisimama uani. Mzee akachungulia dirishani.

"Mbona umesimama kama mgeni? Umesahau mlango?"

"Baba, rudi nyuma kidogo. Tafadhali."

Mumewe alikwenda kumwita jirani yao, muuguzi wa zahanati. Dada huyo alikuja na barakoa usoni, akasimama upande wa pili wa ua. Alimsikiliza Ngazi mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kupotewa na harufu ghafla ni moja ya dalili za korona," alisema. "Kesho asubuhi njoo upimwe. Mpaka tupate jibu, jihesabu kuwa unao ugonjwa huo."

"Lakini dada, nina nguvu zangu. Leo nimetembea mpaka hapa bila taabu."

"Ndiyo maana ugonjwa huu unatembea. Mtu hajisikii mgonjwa, kumbe pumzi yake inaupeleka kwa wengine. Hebu niambie, mnachezea wapi?"

Ngazi akamweleza habari za spika na madirisha.

Muuguzi aliyatazama madirisha ya nyumba. "Simlaumu kocha wenu. Ukimya unatisha. Lakini fikiri hivi. Ukiwasha dawa ya mbu chumbani na kufunga dirisha, moshi unakwenda wapi?"

"Unabaki mlemle."

"Na pumzi ya mgonjwa hubaki vilevile. Hatuioni, lakini inaelea. Mtu akipiga kelele au akihema, anatoa nyingi zaidi. Dirisha likiwa wazi, hewa inaichukua."

"Kama jokofu," mume akadakia. "Ukiweka samaki bila kumfunika, kesho maziwa yananuka samaki, na hayakugusana."

"Umesema vizuri kuliko mimi," muuguzi akacheka.

Kisha akawaeleza la kufanya. Ngazi alale peke yake katika chumba cha cherehani, dirisha likiwa wazi. Chakula awekewe mlangoni. Mumewe peke yake ndiye amhudumie, wote wawili wakiwa na barakoa, na anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka. Mzee asikaribie kabisa. Ngazi asitoke chumbani kuchanganyika na wengine mpaka zahanati imruhusu.

"Na mtu yeyote akianza kuhema kwa shida, au kifua kikibana," muuguzi aliongeza, "msisubiri. Nipigieni, tumpeleke hospitali mara moja."

Kesho yake jibu lilitoka. Alikuwa na korona. Ngazi akampigia kocha.

Kocha akauliza, "Ngazi, unajua mechi ni kesho?"

"Najua, kocha. Lakini baba yangu yumo ndani ya ile rekodi. Sitaki abaki humo tu."

Mchana ule kocha aliwapeleka wachezaji wote kupimwa, naye akapimwa. Pilipili alikutwa nao, na mwingine mmoja. Ligi ikaahirisha mechi.

Siku za kukaa peke yake zilikuwa za ajabu. Sabuni haikunukia. Chai haikunukia. Nguo za wateja zilining'inia ukutani kama watu wasio na harufu. Kitu pekee kilichomwambia Ngazi kwamba nyumba ina uhai ni kikohozi cha baba yake, upande wa pili wa ukuta. Alikizoea. Alishona akikisikiliza.

Alasiri moja kikohozi kikakatika. Ngazi akasimamisha cherehani. Akangoja. Akagonga ukuta. Kimya. Akagonga tena kwa nguvu. Kimya. Akavaa barakoa, akatoka mbio kupitia mlango wa uani, akachungulia dirisha la mzee. Kiti kilikuwa kitupu. Blanketi mgongoni mwa kiti lilikuwa bado na umbo la mabega yake.

"Baba!"

"Nini? Nyumba inaungua?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mzee alikuwa ameketi kivulini mwisho wa ua, karibu na uzio, mkongojo mapajani.

"Mumeo kanileta huku. Muuguzi kasema hewa. Basi nimeifuata hewa. Rudi chumbani, unanimalizia hewa yangu!"

Ngazi alirudi haraka. Alikaa mbele ya cherehani na hakushona tena siku ile.

Mzee alipimwa, na hakuwa nao. Mume wa Ngazi pia. Pilipili na mwenzake walipona. Zahanati ilipomruhusu Ngazi kutoka, mechi ikapangiwa siku nyingine.

Safari hii kocha alifungua madirisha na milango yote kabla ya mtu kuingia. Viti vya wachezaji wa akiba vilikaa mbalimbali, na waliokaa hapo walivaa barakoa. Kila mchezaji alikuja na chupa yake ya maji. Spika zilikuwa hazipo.

"Leo tutasikia viatu vyetu," kocha alisema.

Wakasikia viatu vyao, na mvua iliyoanza kugonga bati. Upepo uliingia dirishani na kucheza na nyavu. Walikimbizana pointi kwa pointi. Sekunde za mwisho timu ya Ngazi ilikuwa nyuma kwa pointi moja, na Ngazi akaangushwa chini ya kikapu. Mwamuzi akampa mitupo miwili huru. Hapakuwa na wa kushangilia wala wa kuzomea. Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukazunguka ukingoni, ukatoka. Filimbi ya mwisho ikalia. Walibaki daraja la pili.

Ngazi alirudi nyumbani chini ya mvua. Mzee alikuwa mezani, simu ya mkwewe mbele yake. Ligi ilikuwa imeirusha mechi mtandaoni, naye alikuwa ameifuatilia yote humo. Ngazi akavuta kiti, akaketi karibu naye, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Miwili!" mzee akaanza. "Mitupo miwili, mwanangu! Hakuna anayekuzuia, hakuna anayekugusa! Goti ulilikunja? Hukulikunja! Nimekuona!"

Akatua kuvuta pumzi. Ngazi alingoja. Mumewe, aliyekuwa akimimina chai, naye alingoja.

"Na wa pili ndio kabisa," mzee akaendelea. "Ulitupa kama mtu anayemwaga maji machafu."

"Ndiyo, baba," alisema Ngazi, na akamsogezea kikombe ili aendelee.