Albano Alifeli kwa Makusudi

—Bwana Yesu asifiwe!

—Ameen!

—Wapendwa, mie ninajua kusoma.

Watu kanisani wakaangua kicheko. Ilikuwa mwaka 1976, na Temeke yote ilimjua Albano, mchonga vinyago kutoka Newala, mwanafunzi pekee wa darasa la kisomo cha watu wazima aliyeanguka mtihani mwaka uliopita. Hata Bibi Mwanaasha, mwenye miaka sabini na jicho moja tu linaloona, alifaulu.

—Msicheke, wapendwa. Nilijua kusoma miezi miwili kabla ya mtihani. Karatasi niliielewa yote, nikaandika upuuzi makusudi.

—Kwa nini, ndugu yangu? akauliza Mama Sesilia, kiongozi wa maombi.

Albano alikuwa ameokoka wiki iliyopita tu, na kwa walokole wa siku zile kuokoka hakukuwa jambo la kunong'ona. Unasimama mbele ya wenzako, unaitaja dhambi kwa jina lake bila kumung'unya maneno.

—Nilimpenda mwalimu wangu. Waliofaulu walikuwa wanahamia darasa la juu, kwa mwalimu mwingine. Nikaona heri niitwe mjinga, ilimradi nimwone kila jioni.

Vigelegele vilitaka kung'oa bati. Mama Sesilia akarukaruka kama msichana.

—Haleluya! Shetani kaaibika!

Aliyeaibika hakuwa shetani. Kwenye safu ya kwaya, Mwalimu Anjelina alifunga kitabu chake cha nyimbo, akapita katikati ya watu ameinamisha kichwa, akatoka nje. Albano akamfuata mbio, akamfikia kwenye njia ya bombani.

—Mwalimu, ningoje basi!

Anjelina akasimama, lakini hakugeuka.

—Unajisikiaje, Ndugu Albano?

—Mwepesi, mwalimu. Mzigo nimeutua, namshukuru Mungu.

—Umeutua kichwani kwangu.

Sasa Anjelina akageuka.

—Unajua matokeo yalipotoka ilikuwaje? Ndugu mratibu wa kisomo alinisimamisha mbele ya walimu wenzangu. Akasema mwalimu anayeshindwa na mtu mmoja mwaka mzima ni mvivu. Nikaomba radhi. Nikaanza kukufundisha hata Jumamosi, siku yangu ya kufua. Nikafunga siku tatu, sili, sinywi, naomba Mungu akufungue akili. Wewe siku hizo ulikuwa unafanya nini?

—Nilikuwa... nasoma gazeti nyuma ya banda letu la kuchongea.

Alisema kweli, maana alikuwa ameokoka. Kweli hiyo ilimponza. Machozi yakamlengalenga Anjelina.

—Na leo umewaambia watu wote wale kabla hujaniambia mie. Wao uliwakosea nini? Kesho watasema Anjelina ana mambo na wanafunzi wake, na baba yangu ni mzee wa kanisa! Umejisafisha wewe, umenichafua mie. Usinifuate.

Akaenda zake. Albano alisimama palepale mpaka kwaya ikaanza kuimba, na sauti aliyoizoea haimo.

Aliporudi chumbani kwake alichukua Injili ya Luka, kijitabu alichopewa na Anjelina afanyie mazoezi. Hicho nacho alikuwa akikisoma kwa siri, huku darasani akijikwaa kwenye ba be bi. Hicho ndicho kilichomfikisha kwenye wokovu. Akafungua habari za Zakayo. Siku zote alifurahia pale tajiri yule mfupi anaposhuka mtini. Safari hii macho yake yalikwama mbele kidogo, pale Zakayo anaposema atawarudishia watu aliowadhulumu. Albano akajitazama, akaona hajarudisha kitu.

Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwa mratibu.

—Ndugu mratibu, nimekuja kurudisha jina la Mwalimu Anjelina. Alinifundisha vizuri. Mwongo ni mie.

—Unajua kusoma, eh? Haya, soma hii.

Akasukumiwa waraka wa kurasa tatu. Albano akausoma mpaka nukta ya mwisho.

—Kumbe! Kwa hiyo ulituchezea wote? Ukapoteza muda wa taifa?

—Ndiyo, ndugu. Niadhibu mie. Ila yeye ulimsema mbele ya walimu. Naomba na kweli isemwe mbele ya walimu haohao.

Mratibu alinuna, akanuna tena, halafu akachukua kalamu, akaandika wito wa kikao cha walimu. Albano alipotoka pale akanyoosha moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Gaudens, baba yake Anjelina.

—Shikamoo, mzee.

—Marahaba. Umekuja kuposa?

—Hapana, mzee. Nimekuja kuomba radhi.

—Mbona kanisani ulisema unampenda?

—Nampenda, mzee. Lakini nilitubu kwa watu nisiowakosea, nikamruka niliyemkosea. Na nyumba yako nimeitia midomoni mwa watu. Nisamehe. Sikuja kuomba kingine.

—Jana ulipigiwa vigelegele. Leo hakuna wa kukupigia.

—Ndiyo, mzee.

—Basi mie nimeipenda toba ya leo. Nenda salama, mwanangu.

Uani kulikuwa na mtu anapepeta mchele. Albano aliusikia ungo ukinyamaza, lakini hakuthubutu kuchungulia.

Tangu siku hiyo hakukanyaga darasani. Kumwona Anjelina kila jioni ndiko kulikomfanya adanganye, na sasa aliacha kwa hiari yake. Kulimuuma kuliko patasi kidoleni. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alikuwa bandani anapiga msasa kinyago, akasikia hodi.

—Mbona huonekani darasani?

Alikuwa Anjelina.

—Lile ni la wasiojua kusoma, mwalimu. Nilikuwa nimekalia kiti cha mtu.

—Ndugu mratibu ameniomba radhi mbele ya walimu wote. Hukuniambia kama ulikwenda kwake.

—Nilikwenda kurudisha, sikwenda kujisifu.

—Wala hukuja kwangu kudai msamaha.

—Uliniambia nisikufuate. Na msamaha ni mali yako, ukitaka utanipa. Kukupenda nitakupenda tu, hilo silitubii.

Anjelina akacheka bila kutaka, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

—Nimekusamehe, Albano. Ila na mie nina langu.

Akawatazama wachongaji wengine, masikio yamewasimama. Akamvuta Albano mkono mpaka nje.

—Siku ya matokeo, kabla mratibu hajaniita, kabla sijalia, niliona jina lako halimo kwenye waliofaulu. Nikafurahi.

—Ulifurahi?

—Nilifurahi kwamba hutaondoka. Mwalimu gani anafurahia mwanafunzi wake kufeli? Zile siku tatu sikufunga kwa ajili ya akili zako tu. Nilifunga kwa ajili ya moyo wangu, na haukusikia.

Albano alitaka kuruka kama Mama Sesilia, akajizuia.

—Umeshamwambia nani?

—Hakuna. Niliyemkosea ni wewe. Nisamehe.

—Nimekusamehe, Anjelina.

—Haya, tafuta mshenga, aje Jumamosi. Baba alikukubali tangu siku ile. Aliyekuwa bado ni mie.